Namna ya kupanga uboreshaji wa bustani na viwanja vya mitaa, Tabora

Ukishuka treni stesheni ya Tabora mwezi wa kumi, kitu cha kwanza unachokitafuta ni kivuli. Mvua bado, vumbi limejaa hewani, na jua la saa saba linapiga utosini. Wenyeji tunajua pa kukimbilia: chini ya mwembe. Pale bodaboda wanasubiri abiria, mama lishe amepanga masufuria yake, wazee wamekaa na bao na drafti, na watoto waliotoka shule wametupa mabegi kwenye mizizi. Mji huu, ambao wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliufikia mwaka 1857 ukiitwa Kazeh, ulikuwa na mahali pa mapumziko kabla haujawa na ofisi ya mipango miji. Kazi yetu ni kupalinda mahali hapo, kupaongeza na kupafanya pawafae watu wote, si wanaume wenye kijiwe peke yao.

Mwongozo huu ni kwa mwenyekiti wa mtaa, diwani, mjumbe wa kamati, ofisa wa manispaa, au mwananchi yeyote anayetaka eneo la wazi la mtaani kwake liwe bustani au uwanja wa kweli. Jambo moja nalisema mapema kwa sababu nimeliona likiua juhudi nzuri: panga matunzo kabla ya ujenzi. Nimeshuhudia miche ikipandwa kwa shangwe, picha zikapigwa, na kufikia Septemba pamebaki vijiti vikavu na uzio wa miti ulioliwa na mchwa. Waliopanda walikuwa na nia njema. Hakuna aliyekuwa ameandika ni nani atamwagilia mwezi Juni.

Hatua ya 1: Ijue ardhi yenyewe, kwa karatasi na kwa miguu

Nenda idara inayoshughulikia ardhi na mipango miji katika manispaa, uombe kuona mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa wa eneo lenu pamoja na ramani ya upimaji. Andika namba ya kiwanja, ukubwa wake na matumizi yaliyopangwa: eneo la wazi, uwanja wa michezo, bustani, au kitu kingine kabisa. Usishangae ukikuta kwamba "uwanja wa mtaa" mliouchezea tangu utotoni ni mali ya shule, chama au nyumba ya ibada. Hapo hamjakwama, ila mtahitaji makubaliano ya maandishi na mwenye ardhi kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Kisha rudi uwanjani na ramani mkononi, mtafute vigingi. Kama vimeng'olewa au vimefukiwa, omba manispaa ifufue mipaka. Tabora tuna bahati ya kuwa na Chuo cha Ardhi hapahapa mjini. Kupitia manispaa, mnaweza kuomba wanafunzi waje kufanya mazoezi yao ya upimaji na uchoraji wa ramani kwenye eneo lenu. Nyinyi mtapata ramani safi, nao watapata kazi ya kweli ya kujifunzia.

Mkikuta mtu ameanza kujenga ndani ya eneo la umma, msibomoe wala msigombane naye. Pigeni picha, andikeni muhtasari wa mkutano wa mtaa, pelekeni barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa diwani, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inalinda matumizi yaliyopangwa, lakini malalamiko ya mdomo hayafiki mbali. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wakati wa mvua kubwa, pita tena ukiwa na viatu vya mvua. Sehemu kadhaa za mji wetu zina udongo mweusi wa mbugani, unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Chomeka vijiti pale maji yanaposimama zaidi ya siku moja. Sakafu ya zege ikimwagwa juu ya udongo huo bila msingi unaostahili, kiangazi kinachofuata itakuwa na nyufa. Pale panapotuama maji ni afadhali paachwe nyasi na miti inayovumilia unyevu.

Hatua ya 2: Hesabu watu kabla ya kuchora chochote

Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa wanaamini wanalijua eneo lao. Unalijua kwa saa unazopita wewe. Mwalimu anayepita saa moja asubuhi na fundi anayepita saa mbili usiku wanaona viwanja viwili tofauti.

Chagua siku tatu: Jumatano, Jumamosi na Jumapili. Kila siku hesabu mara nne: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni na saa 1 usiku. Kila mara tembea eneo lote polepole mara moja, bila kurudia, na umalize ndani ya dakika 15. Kwenye karatasi weka safu za mtoto wa kike, mtoto wa kiume, mwanamke, mwanaume na mzee. Na chini ya kila safu uandike vijiti kwa anayekaa, anayetembea, anayecheza na anayefanya biashara. Mwenye ulemavu umwekee alama ya pembeni. Usiandike majina ya watu. Mizunguko 12 inatosha kukupa picha, na vijana wawili wa kidato cha nne wanaweza kuifanya vizuri wakielekezwa nusu saa.

Mkiwa mnahesabu, chora pia njia za mkato. Watu wameshakuonyesha kwa miguu yao wanapotaka kupita, na ukiweka ua juu ya njia hiyo litakanyagwa. Ni rahisi zaidi kuifanya njia ya mkato kuwa njia rasmi ya bustani.

Ramani ya pili ni ya umbali. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani imependekeza mkazi aweze kufika eneo la kijani la angalau nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, yaani kama dakika tano kwa miguu. Sisemi Tabora itafikia hapo kesho. Lakini chora duara la mita 300 kuzunguka kila eneo la wazi la kata yako, na mitaa itakayobaki nje ya maduara yote itajionyesha. Huko ndiko fedha zinapaswa kuanza kwenda, hata kama bustani ya katikati ya mji ndiyo inayoonekana na wageni.

Hatua ya 3: Waulize wasiokuja

Fomu zako karibu zote zitaonyesha jambo moja: saa 11 jioni wavulana wamejaa, wasichana wachache. Ukiitisha mkutano mkuu wa mtaa peke yake, watakaozungumza ni walewale wanaoutumia uwanja tayari. Mkutano ni wa lazima, kwa sababu bila muhtasari wake hoja yako haiendi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, lakini uongezee mazungumzo madogo: shuleni na wasichana peke yao, kliniki na akina mama, msikitini na kanisani baada ya ibada, kwa watu wenye ulemavu, na kwa wazee pale wanapokaa.

Swali la "mnataka nini?" litakuletea orodha ya vitu vilivyoonekana kwenye televisheni. Uliza hivi: "Jana saa kumi na moja jioni ulikuwa wapi? Kwa nini hukuja hapa?" Ndipo utasikia yenye maana. Hakuna choo. Giza linaingia mapema chini ya miti. Vijana wanapiga miluzi. Mtoto mdogo nimwache wapi? Hakuna pa kukaa asiyecheza. Mengi ya majibu haya yanatatuliwa kwa kazi ndogo kuliko bembea ya kuagiza kutoka nje.

Kupanga vipaumbele, tumia punje. Chora kila pendekezo kwenye karatasi kubwa, kwa picha ili asiyesoma naye ashiriki: choo, taa, kivuli, viti, kiwanja cha netiboli, bomba la maji. Mpe kila mtu punje tano azigawe anavyotaka. Wanawake wapewe mahindi, wanaume maharage. Mkimaliza, kila mtu ataona kwa macho pale makundi mawili yanapokubaliana na pale yanapotofautiana, na ubishi utapungua. Hesabu ya punje iingie kwenye muhtasari. Maofisa maendeleo ya jamii wanaufahamu utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wa kupanga mipango kwa kushirikisha wananchi. Hili linakaa vizuri ndani yake.

Hatua ya 4: Gawa eneo kwa vipimo

Chukua mfano wa eneo la hekta moja, mita 100 kwa 100. Uwanja kamili wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 hauingii hata kwa urefu, na ungekula mita za mraba 7,140 kati ya 10,000. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, chini kidogo ya mita za mraba 466. Kwa hiyo uwanja mmoja wa mpira ni sawa na viwanja 15 vya netiboli. Sisemi mpira uondoke. Tabora tunaupenda, na jumba letu la mpira, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, lipo kwa mechi kubwa. Mtaani, vijana wa chandimu wanaridhika na kiwanja cha mita 40 kwa 20, ambacho pia ni kipimo cha mpira wa mikono. Hicho ni mita za mraba 800. Ongeza netiboli na wavu (mita 18 kwa 9), na bado hujafika mita za mraba 1,500 za kuchezea, ukiacha nafasi ya pembeni. Sehemu kubwa ya hekta inabaki kwa miti, njia, watoto wadogo na viti.

Kiwanja cha watoto wadogo kiwe karibu na mahali mama anapokaa, mbali na goli na mbali na barabara. Viti viwe na urefu wa kama sentimita 45, na baadhi viwe na mgongo na pa kushika kwa ajili ya wazee. Njia kuu iwe na upana wa mita 1.8 ili viti viwili vya magurudumu vipishane, na mteremko wowote usizidi mita 1 ya kupanda kwa mita 12 za mlalo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka maeneo ya umma yafikike na wote, na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani atakushukuru pia. Choo kikae pale kinapoonekana kutoka barabarani, mlango ukitazama watu.

Usijenge ukuta. Ukuta unaficha, na mahali panapofichika wasichana hawaji. Ua la mimea lisizidi mita 1, na matawi ya chini ya miti yapogolewe hadi mita 2, ili anayepita nje aone ndani na aliye ndani aone nje.

Hatua ya 5: Miti, na hesabu ya maji

Kama kuna mwembe wa zamani ndani ya eneo, chora bustani kuuzunguka. Usisakafie wala kurundika udongo ndani ya eneo la kivuli chake cha adhuhuri, maana mizizi inayopumua iko hapo. Benchi la duara likae mbali kidogo na shina.

Kwa miche mipya, amua kwanza unataka kivuli au matunda. Mwembe wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, huzaa mapema, kama mwaka wa tatu au wa nne, lakini hubaki mfupi. Mwembe wa kokwa huchelewa kuzaa, ila ndio unaokuwa mkubwa, ule ambao darasa zima linakaa chini yake. Bustanini mimi ningepanda wa kokwa kwenye kingo na wa kubebeshwa wachache tu ndani. Mwarobaini unastahimili kiangazi na hausumbuliwi sana na mchwa. Mkungu unatandaza matawi kama mwavuli. Mkrismasi unapendeza unapochanua mwisho wa mwaka. Changanya, ugonjwa ukiingia usimalize bustani nzima. Kwa ushauri wa miche na udongo, wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi wako jirani, na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, nayo ihusishwe tangu mwanzo.

Sasa hesabu. Hekta moja ya mraba ina mzingo wa mita 400. Ukipanda kila mita 10, ni miti 40. Kila mche upewe dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki: hayo ni madumu 80 kwa wiki, lita 1,600. Kiangazi chetu ni Mei hadi Oktoba, wiki 26. Jumla lita 41,600, karibu uniti 42 za maji, uniti moja ikiwa lita 1,000. Kiangazi cha pili nacho kinahitaji umwagiliaji, kwa hiyo kadiria uniti 84. Peleka namba hiyo TUWASA, mamlaka ya maji ya mji wetu, uulize gharama, uiandike kwenye bajeti kama unavyoandika saruji. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, kuvuta bomba hadi bustanini ni jambo la kuombwa kwa barua.

Kisha andika watu. Madumu 80 kwa wiki ni mengi kwa mtu mmoja anayebeba kwa toroli, lakini kaya 20 zilizo jirani, kila moja ikichukua miti miwili, ni madumu manne tu kwa kaya kwa wiki. Shule nayo ichukue yake, ila ukumbuke kwamba Juni ina likizo. Andika jina la kaya dhidi ya namba ya mti, na ubao wake ubandikwe ofisi ya mtaa. Palizi, matandazo ya nyasi kavu yasiyogusa shina, na ulinzi dhidi ya mbuzi ni sehemu ya zamu hiyohiyo.

Jambo la mwisho kuhusu miembe ni maembe. Amueni mapema ya nani. Bila makubaliano, msimu ukifika mawe yatarushwa, matawi yatavunjwa na vioo vya jirani pia. Mtaa unaweza kukubaliana kwamba yaliyoanguka ni ya watoto, na yanayochumwa kwa upondo yauzwe ili yalipie maji.

Hatua ya 6: Ratiba inayojaza eneo

Bustani isiyo na shughuli hujazwa na shughuli usizozitaka. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki. Hilo linawezekana bila vifaa vya gharama.

Anza na saa za wasichana: siku mbili kwa wiki, kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, kiwanja cha netiboli na cha wavu ni chao, na mtu mzima anayeaminika awepo. Hili liandikwe kwenye ubao wa uwanja. Likibaki la mdomo litamezwa na chandimu ndani ya mwezi mmoja. Alfajiri ni ya vikundi vya jogingi na akina mama wanaotembea. Jumamosi asubuhi wadogo wacheze rede, mdako, kombolela na kuruka kamba wakisimamiwa na dada na kaka zao. Jumapili jioni bao la wazee, na mara moja kwa mwezi ngoma, manyanga na nyinginezo, ili mtoto wa Unyamwezini aijue ngoma ya babu yake akiiona kwa macho. Mwezi wa Ramadhani ratiba ya jioni isogezwe. Msiwaache waliofunga nje.

Kaeni na walimu wa michezo mapema. Mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari huja katikati ya mwaka, na shule zisizo na uwanja zitahitaji kiwanja chenu miezi ya kabla yake. Pia kuna safari ya kujifunza: Kwihara, kwenye tembe alilokaa mpelelezi na mmisionari Livingstone mwaka 1872, iko nje kidogo ya mji.

Hatua ya 7: Fedha na kalenda

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Maana yake ni kwamba vipaumbele vya mtaa vinapaswa kuwa vimeandikwa na kupita kwenye kata kabla ya mwaka wa kalenda kwisha, maana Baraza la Madiwani hujadili bajeti mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kwa hiyo: hesabu ya watu Agosti na Septemba, punje na mkutano Oktoba, andiko likabidhiwe Novemba.

Fedha zikitoka Julai, ni kiangazi. Hapo ndipo pa kujenga choo, njia, viwanja na kuvuta bomba, kwa sababu magari yanapita na zege linafanyika vizuri. Usipande mti Julai hata kama fungu la miche limeshafika. Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 mwezi Oktoba, yajaze samadi, na upande mvua za Novemba au Desemba zikishika.

Kwenye bajeti weka safu za ujenzi, matunzo ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Safu za matunzo zikiwa tupu, punguza ujenzi mpaka zijae. Manispaa hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kukopa ili kiendeshe genge la matunda au kukodisha viti na mahema bustanini, kwa mkataba wa kufagia na kusafisha choo. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, hivyo sajilini kikundi kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, mapema. Ada yoyote ya mfanyabiashara ilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali. Mtoto asilipe kuingia.

Hatua ya 8: Kamati, na kuhesabu tena

Kamati ya watu saba inatosha: mjumbe wa serikali ya mtaa, mwalimu, mama mmoja mfanyabiashara wa eneo hilo, msichana na mvulana, mzee, na mwenye ulemavu. Wakutane kila mwezi papo hapo bustanini, watembee eneo lote kabla ya kukaa, waandike kilichovunjika na nani atakitengeneza kwa tarehe gani.

Oktoba ya mwaka unaofuata baada ya kupanda miti, hesabuni watu tena: fomu ileile, siku zilezile, saa zilezile. Hesabuni na miti iliyo hai. Kama wasichana wa saa 11 jioni hawajaongezeka, rudini kwenye hatua ya 3 kabla ya kuomba fedha nyingine. Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa mtaa wa Novemba, mashimo ya miche ya kuziba mapengo yakiwa yameshachimbwa.